Wasomaji Wauliza: Je, Pikapu Yangu Inaimudu Karavani Hii?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Kigamboni. Nina pikapu ya dizeli ya milango minne, na nimepata karavani iliyotumika, yaani tela la kulala, ambayo mwenyewe anaiuza kwa sababu anarudi kwao. Nia yangu ni kwenda nayo Mikumi na Iringa wakati wa likizo, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Kibati cha gari kinaonesha kwamba gari likishapakiwa lisizidi kilo 3,000, na kwamba gari na tela kwa pamoja visizidi kilo 5,700. Kitabu chake kinasema gari likiwa tupu, tangi limejaa, lina kilo 2,100, na linaweza kuvuta tela lenye breki la hadi kilo 3,500. Karavani ina kilo 2,250 ikiwa tupu, na ikipakiwa mwisho wake ni kilo 2,800. Muuzaji ananihakikishia kuwa nina akiba ya kilo 700, lakini fundi wangu ananiambia nisiinunue. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize fundi wako. Muuzaji hakukudanganya katika hesabu ya kutoa, ila amechukua namba moja tu kati ya nne za gari ulizozitaja, na ameichagua ile inayomfaa.

Zile kilo 3,500 ni za gari ambalo karibu halina kitu ndani. Toa kilo 3,500 katika kilo 5,700 za gari na tela kwa pamoja, nawe utaona kwamba gari lenyewe limeachiwa kilo 2,200, yaani kilo 100 tu juu ya uzito wake mtupu, ambazo zinamtosha dereva na begi lake. Huko Marekani watengenezaji wengi hufuata utaratibu wa kupima uitwao J2807, na katika utaratibu huo pikapu hupimwa ikiwa na dereva na abiria mmoja wanaokadiriwa kilo 68 kila mmoja. Familia ya watu watano iendayo likizo haimo kabisa katika hesabu hiyo. Kadiri unavyopakia gari, ndivyo tela unaloruhusiwa kuvuta linavyopungua, na hilo halielezwi kwenye matangazo ya kuuza magari.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba gari linalovuta karavani linaibeba pia kwa sehemu. Kichwa cha karavani kinaegemea kwenye tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu, na mzigo huo, ambao nitauita uzito wa kiungo, kwa tela la aina hii unapaswa kuwa karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa. Ukipungua sana, tela huanza kuyumba mkia barabarani. Ukizidi, gari huchuchumaa nyuma na matairi ya mbele hukosa mshiko. Uzito huo wote huhesabiwa kuwa mzigo wa gari, sawasawa na magunia yaliyo nyuma ya pikapu.

Sasa tupige hesabu ya safari yako. Karavani ya kilo 2,250 haitasafiri tupu. Weka maji lita 120, ambayo ni kilo 120, mitungi miwili ya gesi ya kilo 15 ambayo ikijaa hufikia kilo 60 na zaidi kwa kuwa chuma chake nacho kina uzito, kisha betri, vyombo, magodoro, nguo na chakula, nawe utafika kilo 2,700 bila kujitahidi. Uzito wa kiungo utakuwa kilo 270. Kwenye gari, kilo 2,100 za utupu zinaongezewa watu watano, tuseme kilo 330, bampa la chuma na keria kilo 140, chuma cha kuvutia tela kilo 45, mizigo ya nyuma kilo 250, na zile 270 za kiungo. Jumla ni kilo 3,135. Umezidi kibati kwa kilo 135, ilhali gari na tela kwa pamoja vina kilo 5,565 na bado viko ndani ya kilo 5,700. Hapo ndipo wengi wanapopotea: injini inavuta vizuri, dereva anafurahi, kumbe springi, ekseli na matairi ya nyuma yamebebeshwa kupita kiasi.

Na ekseli ya nyuma hupata mzigo kuliko unavyodhani, kwa sababu tufe liko nyuma yake na hufanya kazi kama wenzo. Kwa pikapu ambayo ekseli zake zinaachana mita 3.1 na tufe likiwa mita 1.3 nyuma ya ekseli ya pili, zile kilo 270 huongeza karibu kilo 380 nyuma na kuondoa zaidi ya kilo 110 mbele, mahali ambapo usukani na sehemu kubwa ya breki hutegemea. Kipo kiungo chenye vyuma vya springi ambacho hurudisha sehemu ya uzito huo kwenye ekseli ya mbele, nacho ni kifaa kizuri iwapo mtengenezaji wa gari anakiruhusu, lakini hakiongezi hata kilo moja kwenye kibati. Kufunga springi nzito gereji hakuongezi pia: gari litasimama limenyooka, lakini breki, ekseli na fremu ni zile zile.

Unaweza kupunguza, ni kweli. Acha tangi la maji tupu ulijaze ukifika, hamisha mizigo kilo 100 kutoka kwenye pikapu uipange juu ya ekseli ya karavani, acha nyumbani jenereta na vitu vingine vya kilo 60, na hesabu itashuka hadi karibu kilo 2,975. Hata hivyo mimi sishauri familia isafiri ikiwa imebakiwa na kilo 25 tu, kwa sababu wageni na zawadi za njiani huzila mara moja. Tafuta karavani ambayo mwisho wake ni kilo 1,800 hivi. Utaipoteza nafasi kidogo ndani, lakini utaipata njiani.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu ya barabara uliyoichagua. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro utakuwa umezungukwa na malori na mabasi, na basi linalokupita kwa kasi husukuma hewa inayoweza kuliyumbisha tela. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo. Na kama tela lina breki za umeme, bonyeza swichi ya breki za tela peke yake. Mbele zaidi uko mlima Kitonga. Wakati wa kupanda, angalia kipimo cha joto. Wakati wa kurudi, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, maana breki zilizokanyagwa mfululizo kwenye kona zile hupata moto na kuacha kushika. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka unakutosha kabisa.

Kabla ya kulipa hata senti, omba kupima. Viwanda na maghala mengi ya mjini yana mizani ya malori, na ukiomba kwa adabu na kulipia kidogo watakupimia: kwanza gari likiwa na familia na mizigo, kisha gari na tela pamoja, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Namba za kwenye mizani zina nguvu kuliko maneno ya muuzaji, na pia kuliko haya ninayokuandikia. Angalia na matairi ya karavani. Tairi la karavani huzeeka kabla ya kashata, yaani meno yake, kuisha. Tarakimu nne pembeni mwake huonesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, na likishafika miaka sita mimi ningelibadilisha hata kama linang'aa.

SWALI: Mimi niko Tabata. Nimeletewa karavani ya Marekani ya kilo 2,000 yenye breki za umeme. Fundi wa umeme anasema tuziache zisifanye kazi kwa kuwa breki za pikapu zinatosha. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo. Kwa pikapu nyingi za kawaida, tela lisilo na breki lina kikomo cha kilo 750, na lako linakaribia mara tatu yake. Breki hizo zinahitaji kidhibiti kinachofungwa karibu na dereva, ambacho hupeleka umeme kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya tela kila unapokanyaga breki. Kinunue, kifungwe na anayekijua, kisha kijaribiwe kwenye uwanja mtupu. Hakikisha pia waya mwembamba wa dharura, ule unaofunga breki za tela lenyewe likichomoka, umefungwa kwenye gari na betri ya tela ina chaji, na minyororo miwili ipite kwa kupishana chini ya kiungo.

Pima na tufe. Karavani nzito za Marekani mara nyingi hutumia tufe la karibu milimita 59, wakati lililozoeleka kwenye zile za Uingereza na Afrika Kusini ni la milimita 50. Kiungo kikubwa kikikalia tufe dogo huonekana kimefunga, kisha huruka kwenye tuta. Vyombo vyake vya ndani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, kwa hiyo usivichomeke kwenye volti 230 za hapa bila transfoma. Mlango wake nao kwa kawaida uko upande wa kulia, na kwetu tunaoendesha kushoto upande huo ndio unaopitiwa na magari. Unapoegesha, watoto wasishuke kabla wewe hujasimama nje mlangoni.