Beji ya nje kwenye kombati ya kila siku? Ushauri wangu kwa vijana walioko jeshini

Vijana wakirudi kutoka kozi za nje au mazoezi ya pamoja swali huwa ni lilelile, afande nimepewa mabawa (beji ya kuruka na parachuti) ya nchi fulani, naweza kuyashona kwenye kombati? Jibu langu ni hili: ipokee, ifurahie, iombee kibali, ivae kwenye sare ya sherehe, ila kwenye kombati ya kila siku usiiweke. Na nayasema haya mimi ambaye beji za nje ninazo, nimezitolea jasho, na nazipenda kwelikweli.

Tuanze na namna hivi vitu vinavyofika kifuani manake watu wanavichanganya sana. Kuna nishani yenyewe, serikali ya nje inakutunuku kwa ushujaa au utumishi. Kuna medali za misheni, kama ya Umoja wa Mataifa ambayo kwa kawaida unaistahili ukitimiza siku 90 za utumishi kwenye misheni. Halafu kuna beji za ujuzi, mabawa ya parachuti, kulenga shabaha, matembezi marefu, na hapa ndo kwenye kelele zote.

Beji za ujuzi hazilingani hata kidogo. Chukua ile ya umahiri ya jeshi la Ujerumani ambayo askari wa nchi nyingi wanaigombania: unaogelea mita 100 ukiwa na sare mwilini halafu unazivua humohumo majini, kuna mbio fupi za kwenda na kurudi, kuning'inia kwenye chuma, mbio za mita 1,000, shabaha ya bastola, huduma ya kwanza, kujikinga na silaha za kemikali, na mwisho unabeba kilo 15 unatembea kilomita 6 kwa shaba, 9 kwa fedha au 12 kwa dhahabu, na saa inahesabu. Au yale matembezi ya Norway, kilomita 30 na begi la kilo 11, yapo tangu 1915. Mtu aliyepata hizo amefanya kazi, hakuna wa kumbeza.

Upande wa pili kuna mabawa ya kubadilishana. Kwenye mazoezi ya pamoja unaruka chini ya usimamizi wa mkufunzi wa nchi nyingine, ukitua salama anakubandika mabawa yao. Wamarekani wana zoezi lao pale kambi ya Fort Bragg lilianza 1998, askari anachangia mwanasesere au toi nyingine kwa ajili ya watoto, anapata nafasi ya kuruka na wakufunzi wa nje na anaondoka na mabawa ya kigeni. Ni jambo zuri mno, watoto wanapata zawadi, majeshi yanazoeana, ila tukubaliane kwamba mruko mmoja wa urafiki sio sawa na wiki kadhaa za kozi, na kifuani vyote viwili vinaonekana sawasawa. Anayekutazama hawezi kujua.

Hilo ndo tatizo langu kubwa na kombati. Kombati inasomwa haraka, kwenye vumbi, gizani, na watu ambao wengine hawakujui. Jina, cheo, kikosi, basi. Niliwahi kuwa kambini akaja koplo kuhamia kikosini, kijana mzuri tu mwenye nidhamu, kifuani ana mabawa ya nchi tatu yameshonwa kwa nyuzi zinazong'aa, na makruta wakawa wanampa heshima ya komandoo. Siku ya pili mmoja akamfuata, "Afande, sisi lini utatufundisha kuruka?" Koplo akanyamaza, manake yeye hakuwa mkufunzi wa parachuti na wala hakuwahi kusema ni mkufunzi. Hakudanganya mtu, ila kifua chake kilishasema. Sajini meja alimwita pembeni wakaongea kwa upole, na jioni nikamwona koplo amekaa kitandani na wembe anakata uzi mmoja mmoja asichane kitambaa. Kombati ikabaki na vivuli vitatu vya mabawa, rangi ya ndani bado mpya na pembeni pamepauka kwa jua, na akawa anaulizwa vivuli vile ni vya nini mpaka akabadilisha hiyo kombati.

Sababu nyingine ni za kikazi kabisa. Beji ya pini ukivaa fulana ya kuzuia risasi juu yake inakuchoma, mikanda ya begi inainasa na kuing'oa, na ya chuma inang'aa wakati umeambiwa ujifiche. Kombati imetengenezwa kwa kazi, nguo ya kutambaa nayo chini.

Halafu sheria. Watu wanadhani ni roho mbaya ya makamanda, hapana, ni jambo la nani anamtumikia nani. Katiba ya Marekani yenyewe inamkataza mwenye wadhifa wa serikali kupokea zawadi au cheo kutoka dola ya kigeni bila ridhaa ya Bunge, ikabidi itungwe sheria maalumu 1966 ya kuweka utaratibu wa zawadi na nishani. Jeshi lao la nchi kavu kwa miaka mingi kanuni zake zimesema beji ya kigeni ni moja tu kwa wakati mmoja, kwenye sare rasmi na sio kombati, na medali za kigeni zinakaa nyuma ya za nyumbani. Uingereza nao kibali kinatoka kwa mfalme au malkia, na wako wakali hasa: wazee wao waliosindikiza meli kwenda Urusi kupitia bahari ya Aktiki wakati wa Vita ya Pili walipotaka kupewa medali ya Ushakov na Warusi, 2012 serikali ikakataa kwamba utumishi wenyewe ni wa zamani mno, ikaja kukubali 2013. Hapo mimi naona walikosea, wale wazee wa miaka themanini na tisini walistahili kuvaa bila kusumbuliwa. Ukali wa sheria uishie kwenye nguo ya kazi, usifike kumnyima mtu heshima yake.

Kuna hali moja naikubali kwa moyo wote, tuzo ya kikosi kizima. Rejimenti ya 5 na ya 6 za wanamaji wa Marekani zilipewa na Ufaransa ile kamba ya begani kwa mapigano ya 1918, na hadi leo aliyeko kwenye rejimenti hizo anaivaa kwenye sare rasmi, akihama anaiacha. Hiyo ni historia ya kikosi, kila mtu pale anaijua, na hata hivyo haiendi kwenye kombati.

Kwa hiyo kijana fanya hivi. Siku unayopewa, hakikisha unapata cheti chenye jina lako kamili, namba yako, tarehe na sahihi ya aliyekutunuku, manake beji bila karatasi ni pambo tu la dukani. Ukirudi andika barua ya kuomba kibali kupitia mkuu wako wa kikosi, ambatanisha cheti na tafsiri yake, na subiri majibu kwa maandishi, sio "sajini kasema poa". Nakala moja faili la kikosi, nyingine kwako, kwa sababu ukihamishwa faili zinapotea na mkuu mpya hajui lolote.

Na nyie makamanda, msimvue mtu beji mbele ya wenzake kwenye gwaride, mwite ofisini. Mkiwa kwenye zoezi na nchi iliyoitoa, au ofisa wao amekuja kutembelea kikosi, mwambieni kijana avae sare rasmi siku hiyo na beji ikae mahali pake, mgeni ataiona na atajua heshima waliyoitoa haikutupwa.