Maswali na majibu: Kujiandaa kwa Step 3 huku ukiwa na zamu wodini

SWALI: Daktari, nilisomea udaktari nje ya Marekani na sasa niko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ubingwa wa tiba ya ndani katika hospitali moja huko. Step 1 na Step 2 CK nimeshazifaulu, nimebakiwa na Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE (mitihani ya leseni ya udaktari Marekani), ambayo wenzangu wanasema ni nyepesi na haihitaji maandalizi makubwa. Zamu zangu ni ndefu na sina miezi ya kutulia na vitabu kama zamani. Nianzie wapi, na ile sehemu ya wagonjwa wa kuigizwa kwenye kompyuta inapimwaje hasa?

JIBU: Daktari mwenzangu, wenzako hawakukosea kabisa. Sehemu kubwa ya tiba inayoulizwa katika Step 3 ni ileile uliyoisoma kwa ajili ya Step 2 CK, na mengine unayafanya kila siku unapozungukia wagonjwa. Lakini yapo mambo mawili ambayo wodi haikufundishi hata ukikesha humo mwaka mzima: takwimu za utafiti, na namna ya kumtibu mgonjwa wa kompyuta ambaye saa yake haisogei mpaka uisogeze wewe. Ushauri wangu wote unaegemea hapo. Kwa kuwa saa zako za kusoma ni chache, zipeleke kwanza katika mambo hayo mawili, na marudio ya jumla yafuate baadaye.

Kwa muundo uliotumika hadi mwaka 2025, mtihani huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ina maswali 232 ya kuchagua jibu, yaliyogawanywa katika mafungu 6 ya dakika 60 kila moja. Siku ya pili ina maswali 180 katika mafungu 6 ya dakika 45, kisha wagonjwa 13 wa kompyuta, ambao kila mmoja hupewa dakika 10 au 20 za saa halisi. Matokeo ya sehemu zote huunganishwa kuwa alama moja, na tangu Januari 2024 alama ya kufaulu ni 200. Waandaaji hubadilisha muundo mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulipia, soma maelezo ya mwaka wako katika tovuti rasmi ya USMLE badala ya kutegemea simulizi za waliokutangulia.

Tuanze na takwimu, kwa sababu ndizo zinazolipa haraka. Takwimu, epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) na usomaji wa tafiti huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maswali, na hesabu zenyewe ni chache na hurudiwarudiwa. Utapewa muhtasari wa utafiti au tangazo la dawa, kisha uulizwe linathibitisha nini. Chukua jaribio ambalo wagonjwa 10 katika kila 100 wa kundi la kulinganisha walipata kiharusi, na katika kundi la dawa wakapata 6. Tangazo litajinadi kwamba dawa imepunguza hatari kwa asilimia 40, na si uongo, maana 4 ni asilimia 40 ya 10. Hata hivyo tofauti halisi ni asilimia 4 tu, na ukigawanya 100 kwa 4 unapata 25: yaani inabidi kuwatibu wagonjwa 25 ili mmoja aepushwe na kiharusi. Anayeweza kufanya hesabu hiyo bila kusita, na anayejua kwamba kipimo kilekile kikitumiwa mahali ambapo ugonjwa ni nadra majibu yake chanya huwa hayaaminiki sana, tayari ana mtaji mzuri. Tenga jioni chache kwa kazi hii tu, ukiandika kwa mkono jedwali la miraba minne (wagonjwa na wasio wagonjwa, kipimo chanya na hasi) mpaka mkono ulizoee.

Wagonjwa wa kompyuta wanahitaji mazoezi ya aina nyingine kabisa. Hapa hakuna majibu ya kuchagua. Unapewa malalamiko ya mgonjwa, vipimo vyake vya awali kama mapigo na shinikizo la damu, na historia yake, kisha unaandika mwenyewe maagizo: uchunguzi wa mwili, vipimo, dawa, njia ya kuitoa dawa, na mahali mgonjwa atakapolazwa. Majibu ya vipimo hayaji mpaka usogeze saa ya kisa. Kinachopimwa ni kama ulifanya lililohitajika, kwa mpangilio upi, baada ya muda gani wa saa ya mgonjwa, na kama ulimwepusha na hatua za hatari au zisizo na maana.

Chukulia kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayefika idara ya dharura akitapika, akipumua kwa kasi na kwa kina, na shinikizo la damu limeshuka. Daktari mwenye mazoea ya wodini hushawishika kuagiza uchunguzi wa mwili mzima kwanza. Katika programu hii kila sehemu ya mwili unayoichunguza inakula dakika za saa ya mgonjwa, na huyu hana dakika za kupoteza. Anza na maji ya mshipani, mashine ya kufuatilia moyo, sukari, elektrolaiti (chumvi za damu kama potasiamu), ketoni (asidi zinazojikusanya insulini ikikosekana) na gesi za damu, pamoja na uchunguzi mfupi wa moyo, mapafu na tumbo. Sogeza saa hadi majibu yatoke, kisha itazame potasiamu kabla ya kuanza insulini, kwa sababu insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na ikiwa tayari iko chini sana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ukishaanza dripu ya insulini, mhamishie chumba cha wagonjwa mahututi, rudia sukari kila saa na elektrolaiti kila baada ya saa chache, ongeza deksitrosi (sukari ya mshipani) sukari ya damu inaposhuka, tafuta maambukizi yaliyolianzisha tatizo, na mpe insulini ya chini ya ngozi kabla ya kukata ile ya mshipani.

Hakuna geni kwako katika orodha hiyo. Tatizo ni kwamba wodini muuguzi angekukumbusha kuwa mgonjwa bado yuko idara ya dharura, au kwamba hakuna aliyeagiza sukari irudiwe. Kompyuta inanyamaza tu. Wengi hupoteza alama kwa kusahau kuhamisha mgonjwa, kwa kuruka saa nyingi kwa mkupuo mmoja, au kwa kuacha maelekezo madogo kama ushauri wa kuacha sigara na chanjo zinazomstahili. Kisa kikikaribia mwisho unapewa dakika 2 za kuongeza na kufuta maagizo, na hayo madogo hutosha kabisa kuingizwa hapo. Kisa kikifungwa mapema usishtuke; mara nyingi maana yake ni kwamba umeshafanya kilichokusudiwa. Tovuti rasmi ina visa vya mazoezi vya bure vyenye programu ileile, nawe usiingie chumba cha mtihani kabla ya kuvirudia mpaka vitufe visikupotezee muda.

Kwa maswali ya kuchagua, tumia benki ya maswali na uyafanye kwa mafungu kamili yenye muda wa mtihani, ambao ni kama dakika moja na nusu kwa swali. Usiridhike na fungu la maswali kumi kati ya kazi na kazi. Kwa kuwa uko tiba ya ndani, elekeza macho kwenye watoto, uzazi na magonjwa ya akili, ambayo yanakutoka taratibu bila wewe kujua. Hiyo ndiyo sababu napendelea mtu aufanye mtihani huu mapema: kila mwaka unaopita unakuongezea ujuzi wa fani yako na kukupunguzia wa fani nyingine. Anayehitaji viza ya kazi ya H-1B hana hata hiari hiyo, kwa kuwa lazima awe amefaulu hatua zote kabla ya ombi lake kupelekwa.

Kuhusu ratiba, mafunzo ya ubingwa Marekani yana ukomo wa wastani wa saa 80 za kazi kwa wiki, na katika wiki za namna hiyo hakuna usomaji wa maana. Panga maandalizi yaangukie kipindi cha kliniki au cha mafunzo ya hiari unayojichagulia, wiki sita hadi nane hivi, na uombe ruhusa ya siku za mtihani mapema kabla ratiba ya zamu haijatoka. Siku hizo mbili si lazima zifuatane, mradi ya pili iwe ndani ya siku 14 tangu ya kwanza. Mimi ningeacha angalau siku moja katikati, niitumie kwa visa vya kompyuta tu, na nisingekubali zamu ya usiku wa kuamkia mojawapo hata kwa kubadilishana na rafiki.