Kesingi Iliyoharibika Chini ya Bahari: Maswali ya Wasomaji

Kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima cha mafuta, ni chuma kinene kilichozungushiwa saruji. Huharibikaje?

Mara nyingi ni kutu, hasa pale kaboni dioksidi inapokutana na maji, au ni msuguano wa vyuma vya kuchorongea vinavyozunguka ndani ya bomba. Hata hivyo, ardhi yenyewe inaweza kuivunja. Katika eneo la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, mafuta yamo ndani ya mwamba wa chaki ulioko yapata kilomita 3 chini. Uzalishaji ulipoanza mwaka 1971, shinikizo lililousaidia mwamba huo kubeba tabaka za juu yake lilizidi kupungua, ukajibana, na mwaka 1984 ikabainika kwamba sakafu ya bahari imedidimia kwa mita kadhaa. Majukwaa yaliinuliwa mita 6 mwaka 1987. Kesingi zilizokuwa ardhini hazikuwa na pa kukimbilia, na nyingi zilipinda au kubanwa.

Mafundi hujuaje palipoharibika?

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni shinikizo lisilotarajiwa kati ya bomba moja na jingine lililo ndani yake. Baada ya hapo hushushwa kwa waya kifaa chenye makumi ya vidole vya chuma vinavyopapasa ukuta wa ndani pande zote, pamoja na kingine cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa chuma kilichosalia. Hatua hii haifai kuharakishwa, kwa sababu tundu la kutu na bomba lililobanwa na mwamba havina tiba moja.

Kwa nini tundu lisizibwe kwa saruji tu?

Tundu dogo huzibwa hivyo, baada ya kisima kutulizwa kwa kimiminika kizito na kuwekewa vizibo, na saruji husukumwa kwa shinikizo hadi ipenye nyuma ya chuma. Palipoliwa na kutu kwa urefu mkubwa, saruji haitoshi. Hapo hushushwa kiraka cha bomba jembamba, kisha koni hupitishwa ndani yake na kukitanua hadi kigandamane na kesingi ya zamani. Faida yake ni kwamba njia ya kisima haipungui sana, lakini chuma kilichotanuliwa hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuhimili shinikizo la kutoka nje, na kwa hiyo nisingekishauri mahali ambapo mwamba bado unasogea. Pale ni afadhali kushusha bomba zima lenye ukuta mnene, kwa mfano la inchi 7 ndani ya kesingi ya inchi 9⅝, na kukubali kwamba vifaa vipana havitapita tena.

Je, bomba lililobonyea hunyooshwa?

Likiwa limebonyea kidogo, ndiyo, kwa kifaa kinachosukuma ukuta nje hatua kwa hatua. Likiwa limekatika na kuhama, hapana. Kisima huzibwa kwa saruji chini, dirisha, yaani tundu la kupitia, hukatwa katika kesingi ya juu ambayo haijaharibika, na njia mpya huchorongwa kando.

Kufanya kazi baharini kunabadilisha nini?

Kunabadilisha gharama na uamuzi. Kichwa cha kisima kikiwa juu ya jukwaa, mafundi hukifikia moja kwa moja. Kikiwa kwenye sakafu ya bahari, hata kipimo cha kawaida huhitaji meli maalumu na hali ya hewa tulivu. Kwa sababu hiyo kipimo kamili kifanywe meli ikiwa bado ipo, kabla kiraka hakijachaguliwa.