Miezi mitatu kati ya P7 na S1: mtoto asome nini, na asome vipi

Mama mmoja wa Busia, hapa Uganda, ameniandikia. Binti yake amemaliza PLE, mtihani wa mwisho wa P7 (darasa la saba la msingi), sekondari haifunguliwi mpaka Februari, na jirani anamshawishi amlipe mwalimu amfundishe mtoto masomo ya S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) likizo nzima ili atangulie wenzake. Aliuliza kama alipe. Nimemjibu asilipe. Ila ukimnyima mtoto tuisheni bila kumpa kitu cha kushika, likizo yote itaishia kwenye simu, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu, kwa faida yake na ya wazazi wenzake.

Tuanze na shida yenyewe. PLE ina karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Mwaka mzima wa P7 mtoto amekuwa akijibu mitihani ya zamani, swali mstari mmoja, jibu neno moja au sentensi. Akifika S1 anakuta masomo kumi na mawili, Kiswahili kikiwa mojawapo ya yale ya lazima, na kitabu cha Historia kinachomtaka asome kurasa mbili mfululizo kabla hajaulizwa chochote. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Akili wanazo, ila pumzi ya kusoma hawana. Aya ya kwanza wanaisoma vizuri, ya pili wanairuka, ya tatu macho yanatembea juu ya maneno tu. Mwalimu wa tuisheni akimfundisha seli za Biolojia mwezi Desemba, darasani atafundishwa seli hizo hizo tena, na pumzi itakuwa ile ile fupi. Wizara ya Elimu imekataza masomo ya likizo mara nyingi, na bado tunawapokonya watoto mapumziko yao na kulipia kitu kisichowasaidia. Jambo hili linaniuma kila Desemba.

Pumzi hiyo hujengwa kwa hadithi. Kitabu cha kiada mtoto hukisoma akiwa na swali kichwani na kukifunga akipata jibu. Hadithi humvuta ukurasa hadi ukurasa bila kusukumwa.

Kabla ya kununua au kuazima, pima kitabu. Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana wa kwanza mara nyingi umeandikwa kwa urahisi. Asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda kutamka au kuelewa, akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kirudishe, ni mapema mno. Viwili au vitatu, kinamfaa. Asipokunja hata kimoja, mpe hicho hicho aanze nacho, kimpe moyo. Kosa ninaloliona sana ni mzazi mwenye fahari kwa alama nzuri za mtoto shuleni kumletea riwaya nene ya Kiingereza ya wanafunzi wa S4. Mtoto anafika ukurasa wa kumi na moja na hapo ndipo kitambaa cha kuwekea alama kinapobaki hadi Februari. Alama za mtihani hazikuambii mtoto anasoma kwa kiwango gani. Vidole vitakuambia.

Sasa hesabu. Mpe saa, asome kwa dakika moja, uhesabu maneno. Tuseme ni 100. Kwa dakika 20 kila siku atasoma maneno 2,000, yaani kurasa nane hivi za kitabu chenye maneno 250 kwa ukurasa. Kitabu cha kurasa 64 kitaisha kwa siku nane. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari, ukitoa wiki mbili za Krismasi na safari za kijijini, na ukimwachia Jumamosi na Jumapili, anabaki na siku kama 45. Hivyo ni vitabu vitano vidogo, na kidogo cha sita. Usidai zaidi ya hapo. Wiki zile mbili za sikukuu ziache kabisa, kwa sababu ukimlazimisha asome nyumba ikiwa imejaa wageni, atahesabu kusoma kuwa adhabu.

Dakika hizo 20 ziwe mchana, kukiwa na mwanga wa jua. Saa kumi alasiri kabla ya kwenda kuchota maji inafaa nyumba nyingi. Usiku kwa taa ya tadoba macho yanauma na moshi unamfukuza. Na hapa wazazi tusikilizane: katika nyumba nyingi mvulana anapata dakika zake bila shida, wakati dada yake ana mtoto mgongoni na sufuria jikoni. Ukimwambia binti "soma ukimaliza kazi", umemwambia asisome, maana kazi za nyumbani haziishi. Zitenge dakika zake kwanza, kazi zifuate.

Akimaliza kusoma usimwambie aandike muhtasari. Watoto wamejifunza zamani kunakili maneno yaliyo nyuma ya jalada. Chukua daftari la kurasa 96, kila siku aandike mistari mitatu: tarehe na kurasa alizosoma, jambo moja lililotokea, na swali moja alilobaki nalo. Jioni muulize hilo swali. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusema, "Nionyeshe mahali yule wa kwenye hadithi alipodanganya, unisomee." Mtoto aliyesoma atafungua ukurasa mara moja. Ambaye hakusoma ataanza kupekua kuanzia mwanzo, nawe utajua bila kugombana naye.

Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, kuanzia Bombo, Arua na Busia mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watoto wetu wanaingia S1 wakidhani somo hilo watalipita bila jasho. Halafu mwalimu anarudisha daftari limejaa wino mwekundu: kitabu yangu, vitu ingine, nyumba kubwa mbili imeanguka. Dawa ni imla. Mara mbili kwa wiki, mtu amsomee sentensi tano kutoka kwenye hadithi aliyokwisha kuisoma, aandike, kisha asahihishe mwenyewe akitazama kitabu. Makosa yake ya ngeli atayaona kwa macho yake. Kama vitabu vya Kiswahili havipatikani, African Storybook wanatoa hadithi bure mtandaoni, za Kiswahili na za lugha kadhaa za Uganda, na unaweza kuzichapa. Nyingi ni fupi na ni za watoto wadogo zaidi, kwa hiyo zitumie kwa imla na kwa kuwasomea wadogo zake.

Imla hiyo humwandaa pia kwa S1, ambako walimu huingia na kutoka na kila mmoja ana kasi yake ya kueleza. Januari ongeza zoezi moja: asikilize taarifa ya habari redioni na aandike mambo matano, kwa maneno machache, habari ikiendelea bila kusimamishwa. Mara ya kwanza atapata mawili. Anayekwenda bweni ajifunze pia kufua shati jeupe na kuamka bila kuitwa.

Anayetoka S1 kwenda S2 ana shida ndogo zaidi. Asome vivyo hivyo, na azoee kutunza kazi zake za mwaka, kwa kuwa alama za kazi za darasani huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S4.

Walimu wenzangu, neno moja kwenu. Shule nyingi hukusanya vitabu vyote muhula wa tatu unapokwisha ili vihesabiwe, kisha vinafungiwa stoo katika likizo iliyo ndefu kuliko zote. Hesabuni wiki moja kabla, mviazimishe siku ya kufunga. Daftari moja linatosha: namba ya kitabu, jina la mtoto, simu ya mzazi, hali ya jalada, sahihi. Wapangeni watoto watano wanaokaa karibu, kila mmoja vitabu viwili tofauti, wabadilishane kila Jumamosi. Kundi litakuwa na vitabu kumi. Makundi huvunjika mmoja anaposafiri na vitabu vya wenzake, kwa hiyo anayekwenda kijijini aviache kwanza kwa kiongozi wa kundi. Funikeni majalada kwa karatasi ya kaki, na kila mtoto apewe mfuko wa plastiki wa kubebea, maana mvua huharibu vitabu vingi kuliko wezi. Kwa walio P7, ambao hawarudi kwenu, wekeni siku ya kurudisha iwe ile wanayokuja kuchukua matokeo yao. Kitabu kikipotea, mzazi alete kingine chochote cha hadithi cha kiwango hicho badala ya faini ya pesa, kwa sababu pesa ya faini huishia ofisini na rafu inabaki na pengo.