Swali la Lugha: Nchi tatu "zinaandaa", ni "mwenyeji" au ni "wenyeji wenza"?

Swali: Kuhusu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 nimesoma "Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa", kwingine "zitakuwa mwenyeji", kwingine tena "wenyeji wenza". Lipi sahihi?

Jibu: Lililo kosa wazi ni "nchi tatu zitakuwa mwenyeji". Mwenyeji ni mmoja, nchi zikizidi moja ni *wenyeji*: "Kenya, Tanzania na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON." Kitenzi kinafuata ngeli ya *nchi* (zi-), lakini *wenyeji* linabaki na umbo la watu. Ukianza na neno lenyewe, upatanisho unageuka: "Wenyeji Tanzania *wali*ifunga Burkina Faso 2-0", si "iliifunga". Na mashindano yakiwa na wenyeji watatu, usiandike "wenyeji walishinda" ukaishia hapo. Taja nchi.

*Kuandaa* ndiko kwenye utata. Kuandaa ni kutayarisha na kupanga: chakula, hotuba, mkutano. Mwenyeji ni mwenye mahali, anayepokea wageni, yule wa "mgeni njoo, mwenyeji apone". Katika soka kazi hizi zimegawanyika. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ndiyo yenye mashindano: inatoa uenyeji, inachezesha droo, inapanga ratiba, inateua waamuzi. Nchi inatoa viwanja na ulinzi na kupokea timu. Kusema nchi "inaandaa" kumezoeleka mno, hasa Kenya, na sarufi haikatai. Ila tazama sentensi hii: "Kenya inaandaa AFCON." Je, bado inakarabati viwanja, au mechi zinachezwa sasa hivi? Msomaji hawezi kujua. Kwa hali ya kwanza andika "inajiandaa kuwa mwenyeji". Kwa ya pili, "ni mwenyeji" au "AFCON inachezwa Kenya".

*Wenyeji wenza* ni sahihi, na ndilo ninalolipendekeza panapohitajika kusisitiza ushirika. Wapo wanaolikwepa kwa sababu ya *mgombea mwenza*, ambaye cheo chake ni cha chini. Lakini *wenyekiti wenza* wana cheo sawa, kwa hiyo *mwenza* peke yake halipangi nani mkubwa. Wala halidai mgawo sawa: Kombe la Dunia la 2026 lilipangiwa mechi 104, 78 Marekani, 13 Kanada na 13 Meksiko, na zote tatu ni wenyeji wenza. Ukishaandika *wenza*, ondoa "kwa pamoja". Unarudia maana ileile.

Hukuuliza kuhusu *fainali*, lakini katika habari za aina hii ndilo neno linalopotosha zaidi. Kwa wingi, "fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika" ni mashindano yote baada ya mechi za kufuzu. Kwa umoja ni mechi ya mwisho tu. Nomino haibadiliki umbo, kwa hiyo kiambishi ndicho kinachobeba maana yote: fainali *za* CHAN (mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani) ya 2024 *zi*lichezwa Agosti 2025 katika nchi tatu, fainali *i*kachezwa Kasarani, Nairobi. Ukikosea herufi hiyo moja, mashindano yote yanahamia uwanja mmoja. Ukihofia kuteleza, andika "mchezo wa fainali".