Usimshonee mtoto beji za baba yake

Mwanangu alipojiunga na skauti, nilifungua sanduku la bati na kutoa shati la kaki la baba yake. Lilimkaa vizuri, na beji zote zilikuwa bado mkononi. Nikaona nimeokoa pesa. Kambini kiongozi akaiona ile ya huduma ya kwanza, akamwita amfunge mwenzake bendeji ya mkono. Mtoto akabaki ameishika bendeji kama aliyekabidhiwa nyoka. Alirudi nyumbani hanisemeshi.

Basi, shati rithisha, mshipi rithisha, hata skafu kama rangi za kikosi ni zilezile. Beji zibandue. Mwenye beji ni yule aliyeitolea jasho.

Kuzibandua kunataka subira. Geuza shati ndani nje, ukate nyuzi moja moja kwa ncha ya wembe upande wa nyuma, usivute. Mimi nilivuta ya kwanza, nikatoboa mkono wa shati. Za mume wangu sasa ziko kwenye blanketi kuukuu analojifunika tukiota moto, na kila moja ina kisa chake, vingine nashuku vimetiwa chumvi.

Beji mpya shona kwa mkono. Gundi huachia ukifua mara mbili tatu. Shati likiwa jipya lifue kwanza, maana likirudi baada ya kushonwa, beji hujikunja kama chapati iliyoungua. Shikiza pembe nne, mtoto alivae, ndipo umalizie. Skafu nayo ikunjwe kuanzia upande mrefu, ukiacha pembe ya kiasi cha kiganja mgongoni.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, tulimpeleka Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefia huko mwaka 1941. Majivu ya mkewe, Olave, yamezikwa hapo pia. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, ndiyo maana maskauti na wenzao wasichana, Girl Guides, huiadhimisha siku hiyo. Juu ya kaburi kuna duara lenye nukta katikati, ishara ya njiani ya kusema nimekwenda nyumbani. Kijana aliisoma kabla hatujamweleza.

Mkono wake wa shati una beji moja tu kwa sasa. Aliishona mwenyewe, imekaa upande, na sijaigusa.