Ufunguo umefichwa wapi? Kuchagua riwaya ya upelelezi ya Kijapani kwa kikundi cha wanaojifunza lugha

Riwaya ya kwanza tuliyoichagua nusura ituvunjie kikundi. Tulikuwa watu saba hapa Nagoya, wote tukijifunza Kijapani: Wabrazili wawili, Wanepali wawili, Mfilipino, kijana wa Kivietnam anayefanya kazi ya ujenzi, na mimi Mtanzania. Tulikutana Jumamosi moja kila wiki mbili, pamoja na mama mmoja wa Kijapani, mwalimu mstaafu, ambaye sote tunamwita Sensei. Mimi ndiye niliyependekeza Gokumontō ya Yokomizo Seishi. Niliisikia ikitajwa kila mahali kama moja ya riwaya bora kabisa za upelelezi za Japani, na sifa hiyo inaistahili. Lakini ilitoka mwaka 1947 na 1948, kisa chake kiko kisiwani katika Bahari ya Ndani ya Seto, wazee wake wanaongea lahaja, na mauaji yenyewe yamefungamana na haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani. Baada ya miezi miwili tulikuwa ukurasa wa thelathini na kitu. Wawili wakaacha kuja, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na hamu kutushinda sote.

Jambo hilo liliniuma, nikalifikiria sana. Wenzangu hawakuwa wavivu, na kitabu hakikuwa na kosa. Nilichokuja kukielewa ni hiki: mwandishi wa upelelezi huficha ufunguo wa fumbo pale ambapo msomaji atapita bila kuona. Sasa sisi tunaojifunza lugha tunapita bila kuona kila mahali. Tukikuta sentensi ya ajabu, hatujui kama mwandishi ametutega au ni sarufi ambayo hatujaifikia. Katika Gokumontō sehemu kubwa ya fumbo inategemea kusikia sawasawa Kijapani kinachosemwa, na sisi tulikuwa bado tunahangaika kujua nani anasema.

Tangu hapo, kabla sijauliza kama kitabu ni chepesi au kigumu, nauliza kwanza: ufunguo umefichwa kwenye vitu au kwenye maneno? Vitu ni kama mlango, saa, ratiba ya treni, koti lililotundikwa. Maneno ni lahaja, viwakilishi, jina lenye kusomeka namna mbili, kauli iliyosikika nusu. Kikundi kichanga kianze na vitu.

Kitabu kilichotufufua ni Hen na Ie cha Uketsu, kilichotoka 2021. Mwandishi huyu alianza na video za mtandaoni akiwa amevaa kinyago cheupe, na kitabu chake kimejengwa juu ya ramani za nyumba. Kuna nyumba Tokyo, na ndani ya ramani yake kuna nafasi ndogo isiyo na mlango. Kwa nini ipo? Maelezo mengi yanakuja kwa mazungumzo, mtu huyu anauliza, yule anajibu, na ramani inachapishwa tena na tena kadiri mjadala unavyosonga, hivyo huna haja ya kushika kila kitu kichwani. Siku hiyo kijana wetu wa Kivietnam, ambaye kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zilimpa shida kutuzidi wote na kwa kawaida alikaa kimya, aliivuta ramani akaanza kutuonyesha kwa kidole: ukuta huu, chumba hiki, huwezi kujenga hivi bila sababu. Alizungumza Kijapani dakika kumi mfululizo. Makosa yalikuwepo, lakini hakuna aliyemkatiza. Sensei aliniambia baadaye kwamba hajawahi kumsikia akisema sentensi ndefu namna ile. Kama kikundi chako kiko karibu na N3, ngazi ya kati ya JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni, mimi ningeanzia hapo bila kusita.

Baada yake tulisoma Shinzanmono ya Higashino Keigo, ya mwaka 2009, na hiki ndicho kitabu ninachokipendekeza kwa moyo wote. Mwanamke ameuawa katika mtaa wa Nihonbashi, Tokyo, na askari mpelelezi Kaga anapita duka moja baada ya jingine eneo la Ningyōchō. Sura ni 9, na kila moja ina fumbo lake dogo linalofumbuliwa mle mle: duka la senbei (biskuti za mchele), mgahawa, duka la vyombo vya udongo, fundi saa. Kwa kikundi hii ni neema kubwa. Mwenzenu akikosa mkutano mmoja kwa sababu ya zamu kazini, anarudi wiki mbili baadaye na kuingia sura mpya bila kupotea. Na lugha yake ni ile tunayokutana nayo kila siku: muuza duka anavyomkaribisha mteja, mama mkwe anavyomsema mkwewe, askari anavyouliza kwa adabu huku akisisitiza. Anachokigundua Kaga kwa kawaida kiko barabarani au juu ya meza, mbele ya macho ya kila mtu.

Mkitaka kitabu cha zamani kidogo, Ten to Sen cha Matsumoto Seichō hakitawaangusha. Kilianza kutoka mwaka 1957 katika jarida la safari, na safari ndiyo uhai wake. Maiti mbili zinakutwa ufukweni Kashii, Fukuoka, na mapema tu unaelezwa kwamba katika stesheni ya Tokyo kuna dakika 4 jioni, kuanzia saa 11:57 hadi saa 12:01, ambapo mtu aliyesimama jukwaa namba 13 anaweza kuiona treni iliyoko jukwaa namba 15 bila treni nyingine kumziba. Nathari yake ni kavu na iliyonyooka kama ya gazeti. Kinachochosha ni majina ya vituo, basi wekeni ramani ya Japani mezani na mpige mstari wa kalamu kila treni inapopita. Lakini Suna no Utsuwa, cha mwandishi huyo huyo, kiahirisheni: kinaanzia baa, kwa lafudhi na neno moja lililosikika, na hapo tumesharudi kwenye maneno.

Jihadhari na jalada. Vitabu vyenye picha za wanafunzi wa sekondari vinaonekana vyepesi, ila Hyōka ya Yonezawa Honobu, kitabu kizuri ambacho ndani yake hakuna anayeuawa mbele yako, ina msimulizi anayependa maneno mazito. Kwa upande mwingine, Edogawa Ranpo, ambaye watu humwogopa kwa kuwa ni wa zamani, ana mlango mpana. Kaijin Nijū Mensō, alichowaandikia watoto mwaka 1936, kinasimuliwa kwa desu na masu, umbo lile lile la adabu tulilofundishwa wiki ya kwanza. Ranpo alifariki 1965, kazi zake ziko huru tangu 2016, na unazipata bila malipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko. Kwetu Nagoya kulikuwa na raha ya ziada, maana utotoni aliishi mji huu. Wanaohitaji furigana, yaani herufi ndogo za kuonyesha matamshi, juu ya kanji zote waangalie mfululizo wa Aoi Tori Bunko wa Kodansha, hasa vitabu vya Hayamine Kaoru.

Kupima ugumu ni kazi ya dakika tano. Fungua kurasa za bure zinazotolewa na maduka ya vitabu vya kielektroniki, soma ukurasa mmoja wa katikati ya mazungumzo na mmoja wa maelezo, uhesabu maneno usiyoyajua. Kwetu, yakizidi kumi kwa ukurasa tunakiweka kando kwa mwaka huo. Usipime kwa ukurasa wa kwanza peke yake, waandishi hupenda kuanza na mvua na ukungu, kisha wanashuka.

Majina ya watu yanastahili tahadhari zaidi kuliko msamiati. Jina 幸子 laweza kuwa Sachiko au Yukiko, na furigana mara nyingi huwekwa pale jina linapotokea mara ya kwanza tu. Msipoliandika siku hiyo, mtakuja kubishana kurasa mia mbele kuhusu watu wawili ambao ni mmoja. Sisi tunabandika karatasi kubwa ukutani, yenye jina, namna linavyosomwa, kazi yake, na nani ni nani kwake. Kitabu chenye watu zaidi ya kumi na watano tunakipitisha tu kama kina orodha ya wahusika mwanzoni.

Kuna jambo lililonifanya niendelee na upelelezi hata baada ya kuumia na kitabu cha kwanza. Maneno yake hurudi: mshukiwa, mhanga, sababu ya kuua, alama za vidole. Ukiyajua katika kitabu kimoja, unayo kwa vyote. Na sura ya mwisho, mpelelezi anapoeleza, ni darasa zima la namna ya kukisia kwa Kijapani. Hazu (inapaswa kuwa), wake ga nai (haiwezekani), ni chigai nai (bila shaka), kamo shirenai (huenda), rashii (yaelekea), zote zimo, na kila moja ina uzito wake wa uhakika ambao kitabu cha sarufi hakikuonjeshi. Kwa hiyo sura hiyo hatusomi nyumbani. Tunasimama pale ushahidi unapokamilika, kila mtu anaandika mshukiwa wake kwenye daftari la kikundi kwa kutumia angalau mbili kati ya semi hizo, ndipo tunasoma kwa sauti pamoja.

Hayo yote yanahitaji mtu mmoja awe amekimaliza kitabu kabla ya wengine, kwa zamu. Kazi yake ni kutuambia ufunguo uko kwenye vitu au kwenye maneno, halafu kufunga mdomo. Msitegemee maoni ya mtandaoni kwa hilo. Kuna vitabu vinavyotumia hila ya usimulizi, jojutsu torikku kama Wajapani wanavyoiita, na kumwambia mtu tu kwamba hila imo ni kumharibia nusu ya kitabu.

Sisi tulivifikia vitabu vya namna hiyo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasoma kimoja kwa zamu yangu, nikashindwa kukaa nacho peke yangu, nikampigia dada yangu Tanga na kumsimulia chote kwa Kiswahili. Hila ilikuwa hii: mtu ambaye msomaji amemchukulia kuwa mwanamume ni mwanamke. Nikagundua naweza kuitunza siri bila shida, kwa sababu kwetu ni alikwenda, alikaa, alimwua, na hiyo a- haisemi ni nani kati ya hao wawili. Nilichopata taabu nacho ni mahali ambapo Kijapani kilinyamaza kuhusu idadi, kitenzi kikapita bila kusema ni mtu mmoja au wengi, na mimi nilipaswa kuchagua kati ya a- na wa-. Nilinyamaza kidogo kwenye simu. Dada akauliza, "Sasa mbona umesita? Walikuwa wangapi?"